Kiti cha Milimita na Viatu vya Wauguzi

Hebu vuta picha, msikilizaji wangu. Barabara nyembamba, na ng'ambo yake geti la hospitali lenye rangi ya buluu inayobambuka. Upande huu kuna benchi refu lililoegemea ukuta. Benchi lina miguu mitatu tu. Wa nne ulikwisha zamani, na mahali pake pana matofali mawili. Mwisho wa benchi kuna jiko la mkaa, birika jeusi la kahawa, na mwanamke mnene anayeitwa Shangazi na watu wote, hata wale wanaomzidi umri. Ni saa tatu asubuhi, jua ndiyo kwanza linaanza kuuma shingo. Na leo, mbele ya benchi, kimesimama kiti kipya. Kina mgongo mrefu, kina mikono mipana ya kushikia, na vanishi yake inang'aa hata nzi akitua anateleza. Aliyekitengeneza amesimama kando yake, mikono kiunoni, penseli sikioni, anangoja kusifiwa.

Huyo ndiye Milimita, fundi seremala. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika hapo kijiweni. Futi yake ya kupimia haimtoki mfukoni, na akikuona umekaa upande atakwambia umepinda kwa kiasi gani.

— Haya, kaeni mjaribu, alisema Milimita. Mmoja mmoja. Msigombane.

Wa kwanza kukaa alikuwa Redio. Redio ni kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kiko nyuma ya ule ukuta, na dirisha lake linatazamana na madirisha ya wodi. Habari zote za mtaa hupita kichwani mwake, na nyingine huzaliwa humo humo. Alikaa, akaegemea, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti.

— Hiki si kiti, jamani. Hiki ni cheo! Nikikaa hapa nasikia kabisa naweza kumfukuza mtu kazi.

— Shuka basi na mwingine apate cheo, alisema Profesa.

Profesa ni fundi viatu. Hakusoma sana, ila kila kiatu huja kimefungwa kwenye gazeti, naye hasomi gazeti bila kulimaliza. Methali anazo gunia zima, na huzitoa kama mtu anayetoa misumari gizani: unaokuja ndio huo huo anaugongelea. Akakaa, akapiga visigino vyake chini, pwa, pwa.

— Safi. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

— Profesa, mwenzako anasifiwa, wewe unamtia kidonda, alisema Shangazi.

— Ndiyo kusifu kwenyewe huko, Shangazi.

Milimita alicheka. Siku hiyo angeweza kuchekea hata mvua ya mawe.

— Tazameni hapa, alisema akiinama. Mzee hashindwi kukaa. Mzee anashindwa kuinuka. Kiti kikiwa chini sana, kinammeza. Kwa hiyo mimi nimekipandisha. Sentimita hamsini na nne kutoka chini. Mikono hii mipana anashika hivi, anasukuma, huyo kasimama. Nimekijaribu mwenyewe mara thelathini.

— Thelathini!

— Thelathini na moja, ukihesabu ya leo alfajiri.

Sasa nikwambie kwa nini kiti kilikuwa kitu kikubwa hivyo. Mwaka uliopita, mama yake Milimita aliingia hospitali ile ile kwa homa ya mapafu. Aliingia anatembea, fimbo mkononi. Alilazwa siku tisa. Wauguzi hawakuwa watu wabaya, ila walikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, na kila alipojaribu kushusha miguu kitandani aliambiwa, "Bibi lala, usije ukaanguka." Naye ni mwanamke msikivu, akalala. Homa ikaisha. Lakini siku ya kurudi nyumbani miguu ilikuwa imesahau kazi yake. Milimita alimbeba mgongoni, akasikia jinsi alivyokuwa mwepesi, akalia njia nzima bila mama kumwona. Ilichukua miezi mitano mama kutoka kitandani hadi mlangoni.

Na sasa mama ana mawe kwenye nyongo, na daktari anataka kumpasua. Kulazwa ni kesho. Wiki mbili mama amekataa. "Nitakufa na mawe yangu," alisema, "kuliko kulazwa kama gogo." Kilichomgeuza ni neno moja la mwanawe. "Mama, safari hii kuna kiti. Nimekutengenezea mimi."

Maana ni kweli, hospitali ilikuwa inajiandaa. Sista Mkuu, yule mwuguzi anayeongoza wodi zote, alikuwa amesema imetosha: kuanzia wiki hii wodi ya pili itakuwa na utaratibu mpya kwa ajili ya wazee. Mzee hatalala kutwa. Ataamshwa, atakalishwa, atatembezwa hatua zake, maji yatawekwa mahali mkono unapofika, saa ya ukutani itakuwa na tarakimu kubwa. Milimita ndiye aliyeitwa kufunga vyuma vya kushikilia ukutani hadi msalani, na ndiye aliyepewa kazi ya viti kumi na viwili, kimoja kando ya kila kitanda cha mzee. Kiti hiki kilikuwa cha mfano. Saa nne Sista Mkuu angetoka kukitazama. Akikikubali, kingeingia wodini leo leo, na kesho mama angekikalia.

— Kiti kizuri, alisema Redio, akishusha sauti kama mtu anayekaribia kupandisha bei. Ila mimi nina wasiwasi na hao watakaomkalisha mama yako.

— Una wasiwasi gani?

— Hamjui? Hamjui kinachoendelea mle ndani?

Kila mtu alimsogelea. Hata Shangazi aliacha kupepea jiko.

— Juzi namnyoa mteja. Nainua macho hivi, dirishani kwa wodi ya pili. Naona nini? Wauguzi sita wanatembea kwa mstari. Wanachechemea! Wote sita! Masikioni wametiwa pamba, mapande hivi. Na wamevaa miwani iliyopakwa mafuta, wanapapasa ukuta. Nikashtuka, nikamkata mteja kisogo.

— Muongo! alisema Shangazi.

— Muulize mteja. Plasta anayo hadi leo.

— Si uongo, alisema Profesa taratibu, na wote wakamgeukia. Mimi nina ushahidi.

Akapekua sanduku lake la kazi, katikati ya gundi na sindano, akatoa kikopo kidogo. Akakifungua na kukishusha katikati yao kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na maharage manne, makavu.

— Jana mwuguzi mmoja, yule kijana mcheshi, kaniletea kiatu. Kasema kuna kitu kimenasa chini ya soli ya ndani. Nimefungua: maharage! Nikamwuliza, "Mwanangu, haya yamefikaje humu?" Akacheka, akasema, "Baba, ndiyo mafunzo." Akaondoka mbio, zamu ilikuwa inaanza.

— Mafunzo! alipaza sauti Redio. Mafunzo gani ya maharage? Hiyo ni adhabu! Wanaochelewa kazini wanatiwa maharage viatuni.

— Na pamba masikioni?

— Hao ni waliochelewa mara mbili.

— Hapana, hapana, alisema Profesa, amekwisha kupata moto. Wewe hujui sayansi. Maharage yana joto. Mwuguzi husimama kutwa, uchovu unashuka miguuni, harage linaufyonza. Ndiyo maana wahenga walisema, mtembezi hula miguu yake. Sasa serikali imeona, ale miguu mitupu mpaka lini? Imemwongezea maharage.

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Shangazi alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akawamiminia tena.

— Na miwani ya mafuta, Profesa?

— Ile... ile ni ya jua.

— Wodini kuna jua?

— Litaingia. Si wanakarabati?

Redio alisimama juu ya benchi, na benchi likalia juu ya matofali yake.

— Sikilizeni, nimeijua! Kuna mashine inakuja. Mashine ya kuhudumia wazee! Unamweka mzee ndani, inamwogesha, inamgeuza, inamsugua mgongo, inampa dawa. Lakini ina kelele, jamani, kelele kama kinu cha kusaga. Pamba ndiyo ya kelele. Mafuta kwenye miwani ni kwa ajili ya mvuke.

— Na maharage?

— Inatingisha sakafu! Wanazoeshwa kutingishika!

— Sasa hapo umesema kitu, alisema Profesa, akasahau kabisa nadharia yake mwenyewe. Lakini mimi naona mbali zaidi. Pamba ni ili wasisikie. Mnajua wazee wanavyoita. "Sista maji, Sista mgongo, Sista nigeuze." Wauguzi ni wachache. Kwa hiyo wanafundishwa kutosikia. Na miwani ni wasione. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana wanachechemea!

Walicheka tena, isipokuwa mmoja. Milimita alikuwa ameshika mkono wa kiti chake. *Wanafundishwa kutosikia.* Alimwona mama yake kesho usiku, anaita kwa ile sauti yake ndogo ya kuomba radhi kabla ya kuomba maji.

— Acheni mchezo, alisema. Mama yangu analazwa kesho.

— Ndiyo tunakuokoa! alisema Redio. Mrudishe! Mwambie kiti kimevunjika.

— Si mkaulize tu? alisema Shangazi. Geti si lile pale? Hatua ishirini.

Wanaume watatu walimtazama kama amependekeza kuuza benchi.

— Shangazi, alisema Redio kwa upole. Tukiuliza, si mazungumzo yatakwisha?

Kabla Shangazi hajampa jibu lake, kulisikika ko, ko, ko ya fimbo kwenye lami. Alikuwa bibi mmoja, mgeni kwao, mfupi na aliyeinama kidogo, mkoba wa kitambaa begani na kadi ya kliniki mkononi. Alisimama mbele yao akivuta pumzi.

— Shikamoo, bibi, walimwamkia wote pamoja.

— Marahaba, wanangu. Hodi kijiweni. Wameniambia nirudi saa tano kupimwa presha. Naweza kupumzika hapa?

— Bibi, umefika penyewe! alisema Redio, akaruka chini. Leo hukai kwenye benchi la mchwa. Leo unakaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe. Fundi, sema kweli au uongo?

Moyo wa Milimita ulipanda tena. Kiti chake kilikuwa kinapata mzee wake wa kwanza.

— Karibu, mama yangu. Karibu sana.

Redio akamshika mkono wa kushoto, Profesa wa kulia. Ilibidi wamwinue kidogo. Bibi akarudi nyuma, akasukumwa, akafika. Mgongo ukagusa mgongo wa kiti. Akaweka fimbo mapajani, akapapasa ile mikono mipana, akatabasamu.

— Ah, kiti kizuri. Mbao imepigwa msasa vizuri, haichomi.

Milimita alivimba kama andazi. Bibi alijitazama chini. Miguu yake ilikuwa inaning'inia, ikienda huku na huku, kama ya mtoto wa darasa la kwanza aliyekalishwa kwenye dawati la darasa la saba. Ndala moja ikamvuka, ikaanguka chini, pah.

— Wanangu, alisema, na hakukuwa na lawama yoyote katika sauti yake, alitaka kujua tu. Sasa miguu niweke wapi?



Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, alitazama barabara. Profesa alifungua mdomo kutoa methali, mdomo ukabaki wazi, methali haikutoka.

— Iache tu, bibi, alisema Redio mwishowe.

— Niiache wapi, mwanangu? Inauma nyuma ya mapaja, hapa kiti kinapokata.

— Subiri! alisema Profesa. Dawa ya moto ni moto!

Na kabla mtu hajamwuliza ana maana gani, alishainama akayachomoa matofali mawili chini ya benchi ili ayaweke chini ya miguu ya bibi. Ni kweli aliyaweka. Ila benchi, lililokuwa linayategemea matofali hayo, lilishuka upande mmoja, likalipiga teke jiko, na birika jeusi likalala ubavu. Kahawa yote ikakimbilia mtaroni, inatoa moshi.

— Profesa! alipiga kelele Shangazi. Birika zima!

— Ajali haina kinga, Shangazi.

— Kinga ingekuwa wewe kukaa na mikono yako!

Milimita hakuiona kahawa. Alikuwa anaitazama miguu ya bibi juu ya matofali. Sasa ilikuwa imefika. Akavuta pumzi.

— Haya, bibi, alisema kwa sauti ya kuomba. Hebu inuka.

Bibi akashika mikono ya kiti. Akasukuma. Tofali likacheza chini ya unyayo wake, tik, na bibi akajirudisha haraka, macho yamemtoka.

— Siwezi, mwanangu. Nitaanguka.

Hapo Milimita alikumbuka jambo ambalo hakupenda kulikumbuka. Wiki tatu nyuma, wakiwa wodini wawili, Sista Mkuu alimwambia, "Fundi, nikuitie wazee wawili watatu uwapime kwanza?" Naye alicheka. "Sista," alisema, "mimi nilianza kutengeneza viti kabla wewe hujavaa hiyo sare. Niachie nipime vitanda tu." Akapima vitanda. Akapima milango, madirisha, nafasi kati ya kitanda na kitanda. Alijua unene wa kila ubao wa wodi ile. Kisha akaenda karakana, na kiti chenyewe akakijaribu mara thelathini na moja kwa magoti yake mwenyewe.

Mama yake anaishi naye nyumba moja. Anamfikia begani, akisimama wima. Urefu wa mguu wake, kutoka goti hadi unyayo? Hakuujua.

— Bibi, alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Utanisamehe. Naomba nikupime.

— Unipime nini tena? Presha ni saa tano.

— Miguu.

Bibi akacheka kicheko kizuri, chenye meno matatu.

— Pima, mwanangu. Haijapimwa na fundi hata siku moja.

Basi Milimita akapiga magoti kwenye vumbi, akaondoa matofali, akavuta futi yake kutoka chini ya goti la bibi hadi kisigino. Akapima mara mbili. Thelathini na tisa. Kiti hamsini na nne. Aliichukua penseli sikioni, na kwa kuwa hakuwa na karatasi, aliandika kiganjani.

Alikuwa bado amepiga magoti geti la buluu lilipofunguka. Alitoka Sista Mkuu. Kwa kawaida ni mwanamke wa kutembea mbio, ukimsalimu salamu yako inamkuta mgongoni. Leo alivuka barabara polepole, anaweka mguu kama anakanyaga mayai. Anachechemea!

— Mungu wangu, alinong'ona Redio. Hata mkuu kaadhibiwa.

— Habari za hapa, alisema Sista Mkuu. Samahani nimechelewa. Hizi hatua ishirini leo zimekuwa safari.

Shangazi, ambaye hakuwa na kahawa tena ya kumshughulisha, hakungoja ruhusa ya mtu.

— Sista, hebu niambie mwanangu, mnatiwa maharage viatuni kwa nini? Hawa wanaume wamenimaliza kwa uongo.

Sista Mkuu aliegemea ukuta, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta. Maharage matano yakadondoka.

— Ni zamu yangu leo. Kila mwuguzi wa wodi ya pili anafanya siku moja kabla hatujaanza. Maharage ili kila hatua iume, kama miguu yenye baridi yabisi. Pamba ili masikio yapungue. Miwani tunaipaka mafuta ili kila kitu kiwe ukungu. Halafu unalazwa kitandani, mwenzako anakuletea maji anayaweka mbali, anakwambia "kunywa bibi," anaondoka. Jana kijana wangu mmoja, anayejiona ana nguvu kuliko wote, alishindwa kufika msalani. Alikaa kwenye ngazi akalia. Hakuna aliyemcheka.

— Sasa na pamba... alianza Profesa. Si kwamba mnafundishwa msisikie?

— Ndiyo, alisema Sista Mkuu. Kwa siku moja. Ili tujue asiyesikia anavyosikia.

Redio aliyatazama yale maharage matano. Kisha akasema, taratibu, kama anayeaga rafiki:

— Kwa hiyo mashine hakuna.

— Mashine gani?

— Hapana, Sista. Tulikuwa tunaongea tu.

Sista Mkuu akakigeukia kiti. Alimwona bibi juu yake, ile miguu hewani, ile ndala chini. Alimwona Milimita magotini na futi. Alifungua mdomo, lakini Milimita alimwahi.

— Usikipokee, Sista. Ulisema uniitie wazee, nikakataa. Nimekosa. Kiti hiki nimekitengeneza vizuri sana, ila nimejitengenezea mimi.

Nzi alitua kwenye vanishi, akateleza. Sista Mkuu hakumsema. Alivaa kiatu chake, bila maharage sasa, akafika mpaka kwenye kiti, akamshika bibi kwapani kwa namna ya mtu anayeijua kazi hiyo, akamshusha taratibu hadi nyayo zikagusa ardhi.

— Mama yako anaingia kesho saa ngapi?

— Saa nne.

— Basi una leo yote. Na hivyo vingine kumi na moja?

— Sivikati vyote sawa, alisema Milimita, amekwisha kusimama, na maneno yakaanza kumtoka mbio mbio. Hapana! Nikivikata vyote sawa nitakuwa nimerudia lile lile. Kuna wazee warefu. Nitakuja mchana na futi. Nitapima kila aliyeko wodini, mmoja mmoja. Vifupi vinne, vya kati vinne, virefu vitatu... au wewe utaniambia. Na miguu ya mbele nitaiwekea mpira isiteleze. Na huku chini nitaacha wazi, mtu aweze kurudisha visigino nyuma anapoinuka. Sista, nilikuwa na akili wapi?

— Magotini, alisema bibi, akivaa ndala yake. Lakini yako mwenyewe.

Hapo kijiwe kilicheka, na safari hii Milimita alicheka kuliko wote. Redio tayari alikuwa anajitolea kuja wodini kuwanyoa wazee bure kila Jumamosi, ilimradi apewe kiti kimoja cha kujaribia. Profesa alikuwa anamweleza bibi kwamba ndala yake imelegea mshipi na ataitengeneza kabla ya saa tano, na kwamba wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa bahati tu, ilikuwa mara yake ya kwanza mwaka ule kupatia.

Milimita alikiinua kiti, akakitwika kichwani. Kisha akakumbuka kitu, akakishusha.

— Shangazi, nipe kahawa moja ya njiani.

— Kahawa iko mtaroni, mwulize Profesa. Nimebakiwa na buni chache tu, hazijasagwa.

— Nipe hizo hizo. Tatu zinatosha.

Alizipokea kiganjani, juu ya ile tarakimu ya penseli. Akavua kiatu cha kulia, akazitia ndani, akavaa. Akapiga hatua moja, akakunja uso.

— Zinauma?

— Zinauma, Shangazi.

Akatwika kiti chake, akaondoka anachechemea, na watoto wa mtaani wakamfuata kwa shangwe wakidhani ni mchezo.

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo zake za hospitali zimekunjwa kando.

— Mbona unachechemea, baba? Umeumia?

— Nimejitia mwenyewe, mama. Nitakueleza. Kwanza nipe mguu.

Alipiga magoti kwa mara ya pili siku ile. Thelathini na saba na nusu. Mama alimtazama utosini, pale nywele zilipoanza kupungua.

— Miaka yote hii unapima dunia nzima. Leo ndiyo umenifikia mimi?

— Nilidhani nakujua, mama.

Mama alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo, na Milimita hakuharakisha kuinuka. Baadaye msumeno ulisikika uani hadi alasiri.

Kesho yake jioni, Redio alitoka mbio chumbani kwake, mkasi mkononi, mteja akiwa na nusu ya kichwa.

— Dirisha la pili! Tazameni dirisha la pili!

Wote walisimama. Nyuma ya kioo kulikuwa na kilemba cheupe cha mama yake Milimita, kimekaa wima, kimegeukia nje kutazama barabara. Kando yake, yule mwuguzi kijana alikuwa ameinama karibu na sikio moja, anangoja jibu. Halafu kilemba kikapanda taratibu, kikasimama, kikaenda hatua mbili, kikarudi kukaa. Kijiwe kizima kilipiga makofi hadi mlinzi wa geti akatoka kuuliza kuna nini.

Miguu haikuonekana kutoka pale barabarani. Milimita hakuhitaji kuiona.

Nami nakuomba kitu kimoja tu, msikilizaji wangu, ukikumbuke hata ukisahau maharage na mashine ya Redio. Siku utakapomvutia mzee wako kiti, kabla hujamwambia karibu, inama kidogo utazame miguu yake imefika wapi.